Kabla ya Kuisindikiza Weep Not, Child kwa Maandishi Mengine Darasani

Mwalimu wa fasihi anayekusudia kufundisha Weep Not, Child, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyochapishwa mwaka 1964, sambamba na maandishi mengine kuhusu vita vya Mau Mau vya kupinga ukoloni nchini Kenya, hana budi kwanza kuisoma upya hadi mwisho na kuorodhesha maswali inayoyazusha bila kuyajibu, kwani matini ya kusindikiza huchaguliwa kwa ajili ya swali, si kwa sababu tu inazungumzia vita vilevile.

Swali zito zaidi, kwa maoni yangu, ni la ukimya. Sehemu kubwa ya kisa tunaiona kupitia Njoroge, mtoto anayeamini kwamba elimu itaikomboa familia yake; kaka yake Boro huonekana msituni kwa kurasa chache tu, na kambi za kizuizini hubaki mbali. Hapo ndipo inapofaa Mau Mau Detainee, tawasifu ya Josiah Mwangi Kariuki ya mwaka 1963, ambaye alizuiliwa kuanzia 1953 hadi 1960 na ambaye anasimulia aliyoyapitia mwenyewe. Hata hivyo, tawasifu hiyo isitangulizwe. Mwanafunzi aliyeanza nayo huigeuza riwaya kuwa ushahidi wenye mapengo, ilhali ufinyu wa upeo wa mtoto ndio sanaa yenyewe.

Ukurasa mmoja wa tarehe uandaliwe pia: Hali ya Hatari, ya serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, ilitangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Ukurasa huo urudi nyuma hadi vita viwili vya dunia, maana Ngotho, baba yake Njoroge, alichukuliwa katika vya kwanza na aliporejea akakuta ardhi imekwenda, naye Boro alimpoteza ndugu yake Mwangi katika vya pili. Shairi la Walt Whitman lililoipa riwaya jina lake linatosha kusomwa kwa dakika chache.

Mwisho, mwalimu azisome peke yake mapema kurasa za mateso ya Ngotho na za Njoroge kutaka kujiua, ili aamue namna ya kuwatayarisha wanafunzi. Na pale ambapo familia zao ziligawanyika kati ya wapiganaji na walinzi wa serikali ya kikoloni, asimwulize yeyote mbele ya wenzake babu yake alikuwa upande gani.