Namna ya Kupata Kikundi cha Kuacha Pombe Dar es Salaam

Mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu amwone daktari kabla ya kuacha, kwa kuwa kukatiza ghafla kunaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa kunakohatarisha maisha. Anza katika idara ya afya ya akili ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, au katika hospitali za rufaa za Mwananyamala na Temeke, na umwulize muuguzi au ofisa ustawi wa jamii kuhusu vikundi vinavyokutana karibu na mtaa wako.

Nyumba za upataji nafuu (sober houses), yaani makazi ya watu wanaoacha pombe au dawa za kulevya, nazo ni mahali pazuri pa kuuliza. Tafuta pia kwenye intaneti mikutano ya Alcoholics Anonymous, jumuiya iliyoanzishwa Marekani mwaka 1935, ambayo haitozi ada wala haidai jina lako kamili, bali hutaka tu uwe na nia ya kuacha kunywa.

Ratiba hubadilika, hivyo piga simu kwanza. Uliza lugha inayotumika, na kama mkutano ni wa wazi, ambao ndugu anaweza kukusindikiza, au ni wa wanaotaka kuacha pekee. Nakusihi uchague ule unaofikika kwa daladala moja, hata jioni ya mvua.