Somo: Kwenda na familia nzima kujitolea kwenye kituo cha watoto nchi jirani (tulivyofanya Karonga, Malawi)

Tumevuka daraja la Songwe mara mbili kwenda kujitolea. Mara ya kwanza tuliharibu, mara ya pili tulifaa kidogo. Somo hili limetoka kwenye tofauti ya safari hizo mbili.

Tunaishi Tukuyu. Mimi ni muuguzi, mume wangu seremala, na watoto ni watatu: binti wa miaka 15, kijana wa 11 na kitindamimba wa 6.

Safari ya kwanza tulikwenda kwenye makao ambayo watoto hulala humo humo. Jina lake silitaji. Tulikaa juma zima tukicheza, tukiimba na kugawa biskuti. Siku ya kuaga, kijana wetu akamwahidi rafiki yake mpya kwamba Krismasi tutarudi. Hatukurudi, gari liliharibika na hela ikaishia kwenye injini. Januari mlezi mmoja akanipigia simu. Hakunilaumu, alikuwa anasimulia tu. Yule mtoto alilala na viatu vya shule sikukuu nzima, asije akachelewa gari letu likifika.

Basi, twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Tafuta mahali ambapo watoto hurudi kwao jioni

Hii ndiyo hatua kubwa, nyingine zote zinaifuata. Inakadiriwa kwamba wanne kati ya kila watoto watano wanaolelewa kwenye makao duniani wana mzazi angalau mmoja aliye hai. Kinachowapeleka kule mara nyingi ni umaskini: ada, chakula, ugonjwa wa mama. Sasa wageni wanapomiminika na zawadi, kitanda kilichojaa kinageuka mtaji, na mwenye makao anaanza kupita vijijini kuwashawishi wazazi. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lililogusa hata madhara ya utalii wa kujitolea kwenye makao ya yatima. Mimi sikulijua azimio hilo. Nilivijua vile viatu.

Malawi wana kitu kizuri: vituo vya malezi vya jamii, vya watoto ambao hawajaanza shule. Kijiji chenyewe ndicho kinaviendesha, na walezi ni akina mama wa hapo hapo, wengi wakijitolea. Asubuhi mtoto anakuja, anakunywa phala (uji wa mahindi na soya), anajifunza na kucheza, kisha anarudi kwao. Cha kwetu kinasimamiwa na usharika, nje kidogo ya mji wa Karonga. Misheni si jambo la jana pande hizo. Dk. Robert Laws, mmisionari wa Kiskoti, na wenzake walihamishia kituo kikuu cha misheni ya Livingstonia kule juu Khondowe mwaka 1894.

Na kipimo kingine: je, walikuuliza wewe ni nani? Safari ya pili kamati ya kituo ilitaka barua ya mchungaji, wadhamini wawili na cheti cha tabia njema cha polisi kwa mimi na mume wangu. Mume alinung'unika. Nikamwambia mahali pasipokuuliza wewe, hapamuulizi na mwingine.

Hatua ya 2: Piga simu, uliza wanataka nini, kisha nyamaza

Mimi nilishaandaa masomo ya usafi wa mikono yenye picha. Mwenyekiti wa kamati alisikiliza kwa adabu, halafu akasema wanachohitaji ni mabenchi, na jiko kuezekwa upya kabla ya mvua. Uuguzi wangu hakuuhitaji. Na hata angeuhitaji, leseni yangu ni ya Tanzania. Ukivuka mto huna ruhusa ya kumchoma mtu sindano, na nawasihi wauguzi wenzangu msijaribu eti kwa kuwa ni kijijini. Kwa hiyo mume akawa fundi mkuu, mimi nikawa muosha vikombe.

Hatua ya 3: Karatasi

Kila mtoto awe na pasipoti yake. Sisi tulilipa shilingi 150,000 kwa kila moja, mkubwa kwa mdogo sawa, na hiyo ndiyo iliyotukausha kuliko mafuta ya gari. Beba nakala za vyeti vya kuzaliwa. Kama mzazi mmoja anabaki, aandike barua ya ridhaa. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Gari linahitaji bima ya COMESA ya kuvukia mpaka, ile kadi ya njano, na kama si la jina lako, barua ya mwenyewe. Omba barua ya mwaliko kutoka kituoni, na pale mpakani Kasumulu na ng'ambo useme kweli unakwenda kufanya nini. Ukitaka kukaa muda mrefu, uliza uhamiaji wa Malawi mapema kuhusu kibali.

Hatua ya 4: Afya

Watu wa Tukuyu tumezoea baridi na migomba. Karonga ni joto la ziwani na mbu wake. Chukua vyandarua vyako na umuone daktari kuhusu dawa za kinga ya malaria, hasa kwa wadogo. Ziwani kuna kichocho. Watoto watalia wakiwaona wenzao wanaogelea, waache walie.

(Na neno la pembeni: sisi tunaliita Ziwa Nyasa, wao Ziwa Malawi. Umekwenda kupiga mabenchi, usianzishe mjadala wa mpaka.)

Hatua ya 5: Kaa na watoto wako kabla ya kuondoka

Tulikaa jioni tatu. Tuliyokubaliana:

Hakuna ahadi ya kurudi. Hata "Mungu akipenda" hairuhusiwi, mtoto hasikii lile neno la mwisho.

Hakuna zawadi mkononi. Chochote tulichobeba kinakwenda kwa kamati, na kamati ndiyo itagawa ikiona inafaa. Binti alibishana sana hapa, alikuwa na vibanio vya nywele. Vikaenda kwenye boksi la kamati.

Hakuna picha yenye sura ya mtoto wa watu. Tulipiga mabenchi na paa.

Hakuna kujifungia chumbani na mtoto yeyote, mkubwa wala mdogo. Na mkiitwa na mlezi, itikeni kama mnavyoitikia kwa bibi.

Lugha haikutusumbua. Wangonde wa Karonga na sisi Wanyakyusa tunasikilizana, ukisema "mugonile", salamu yetu, mlango unafunguka. Kiswahili nacho wengi wanakielewa, kwa ajili ya biashara ya mpakani. Jifunze hata hivyo kusema asante, "zikomo" ya Kichewa na "yewo" ya Kitumbuka, maana si wote ni Wangonde.

Hatua ya 6: Siku ya kazi yenyewe

Malawi wako nyuma yetu saa moja. Kwetu ikiwa saa mbili asubuhi, kwao ni saa moja. Siku ya kwanza tulisahau, tukafika kituo kingali kimefungwa na mama mlezi yuko kisimani. Tukamfuata tukabeba ndoo. Niseme wazi kwamba hakuna saa niliyojifunza zaidi ya ile. Ndipo nilipojua kwamba mama huyu huamka usiku kuwasha kuni, kwamba unga hutoka kwa wazazi kibakuli kibakuli, na kwamba mwezi wa Februari, kabla ya mavuno, vibakuli vinapungua na kituo hufungwa siku kadhaa. Hakuna mgeni anayeliona hilo, maana wageni huja Juni wakati ghala limejaa.

Baada ya hapo tulihama kabisa mbele ya watoto. Walezi waliimba na watoto wao, sisi tukabaki nyuma. Mume na kijana wetu walipiga mabenchi kumi pamoja na mafundi wawili wa kijiji, kwa mbao zilizonunuliwa Karonga. Msibebe mbao kutoka kwenu, muacheni na muuza mbao wa pale apate. Binti aliandika upya daftari la mahudhurio. Kitindamimba ndiye pekee aliyecheza, kwa sababu ni mtoto, na alicheza kama mtoto kwa watoto. Mimi na vikombe vyangu.

Mchana mmoja tulikwenda jumba la makumbusho la Karonga kuona Malawisaurus, dinosaria aliyechimbuliwa pande hizo. Wapeni watoto wenu siku kama hiyo, wasije wakadhani kujitolea ni adhabu.

Hatua ya 7: Kuondoka

Taja tarehe ya kuondoka siku ya kwanza, mbele ya watoto, na mlezi airudie kila asubuhi. Misumeno na nyundo tulizoacha tuliziandika kwenye karatasi, kamati ikasaini. Sherehe ya kuaga tulikataa kwa upole. Angalia tu safari isiangukie tarehe 6 Julai, ni sikukuu yao ya uhuru wa 1964 na kituo kinafungwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wawili, Dodoma: Dada, wangu ana miaka 4. Ni mapema?
Jibu: Kwa kazi, ndiyo. Mmoja wenu atakuwa anamlea yeye tu siku nzima. Subiri, au nendeni siku mbili.

Mtanzania, Houston: Shikamoo dada. Watoto wangu wana miaka 14 na 16, wamezaliwa huku. Shule inataka saa za kujitolea. Nimepata makao ya watoto Arusha, wiki mbili.
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Wakiingia kwa pasipoti ya Marekani, watoto hao wanaweza kuhesabiwa wageni hata kijijini kwa bibi yao. Tanzania mtu wa nje anayejitolea anahitaji kibali, na wanaokaa muda hupewa kibali cha ukaazi cha daraja C, kwa hiyo wasiliana na uhamiaji kabla hujakata tiketi. Ila mimi, kibali kikiwa sawa, ningewapeleka kwa huyo bibi. Shule ya msingi ya kijijini haikosi ukuta wa kupaka chokaa, na saini ya mwalimu mkuu ni saini.

Kaka wa Kakamega: Hapa Kenya serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017. Ina maana tuache kusaidia watoto?
Jibu: Hapana kaka. Ina maana msaada umfuate mtoto kwa shangazi yake, badala ya kumtoa kwa shangazi. Ada ya mtoto mmoja anayelala kwao si hadithi nzuri ya kusimulia kanisani, najua.

Mama Tanga: Sisi Waislamu na kituo ni cha kanisa. Tutapokelewa?
Jibu: Uliza kwenye simu ile ya kwanza, bila haya: sala zao zikoje, chakula kikoje, mtaswalia wapi. Jibu lao litakuambia kama muende.

Baba mmoja, Mbozi: Samahani shemeji, hizo hela za pasipoti na mafuta mngewatumia wakanunua mbao. Mafundi wanao.
Jibu: Shemeji, umenigusa. Mume wangu alipiga hesabu hiyo hiyo tukiwa njiani kurudi, na kwa mabenchi peke yake una haki. Tulikwenda kwa faida yetu pia, nisijifiche. Pasipoti zinadumu, kwa hiyo mwaka huu hatuendi, tunatuma hela ya unga Februari.

Binti wa Kyela: Mama, mlikula kungu, wale wadudu wadogo wa ziwani?
Jibu: Walituletea mkate wake mweusi siku ya tatu. Mimi nilimega kidogo kwa adabu. Kitindamimba alimaliza wake akaomba wa kaka yake.