SOMO: Chango kwa mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu, matone ya bakteria wazuri na mitishamba

Habarini wapendwa. Leo tuongee chango la mtoto mchanga, wengine mnaita msokoto au gesi, yaani mtoto anakunja miguu, ngumi kafunga, tumbo gumu, magharibi ikiingia tu anaanza kulia mpaka usiku mnene na hata ziwa halimtulizi. Naongelea anayenyonya maziwa ya mama tu, kwa sababu ndo hao wenye dawa angalau iliyopimwa ikaonekana inasaidia.

1. Hakikisha ni chango kweli. Kipimo cha zamani cha Dk. Wessel wa Marekani, 1954, ni kulia zaidi ya masaa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa wiki 3, na hapo mtoto ananyonya na uzito unapanda kama kawaida. Kilio hupamba moto kwenye wiki ya 6 hivi, na wengi huacha wakifika miezi 3 au 4. Ila akiwa na joto la 38 kwenda juu, anatapika kijani, choo kina damu, utosi umevimba, anakataa ziwa au amelegea, acha kila kitu mbebe uende hospitali hata kama ni saa nane usiku.

2. Angalia anavyonyonya. Mdomo ushike sehemu kubwa ya weusi wa ziwa, sio chuchu peke yake. Amalize ziwa moja ndo umpe la pili, halafu mbeulishe begani taratibu.

3. Matone. Hapa naomba msome polepole. Kuna bakteria anaitwa Lactobacillus reuteri DSM 17938, kwenye maboksi mengine wameandika Limosilactobacillus reuteri, ni yule yule, jina lilibadilishwa 2020. Timu ya mtafiti Savino kule Turin, Italia, ilimjaribu kwa watoto wanaonyonya na mwaka 2010 wakatoa majibu kwamba kilio kilipungua kuliko kwa waliopewa matone yasiyo na dawa. Australia wakajaribu wakachanganya na watoto wa maziwa ya kopo, majibu ya 2014 hayakuonyesha faida, watu wakachanganyikiwa. Mwaka 2018 wakaunganisha takwimu za majaribio manne, watoto 345, ikaonekana wanaonyonya ndo wanaofaidika, kwa wa kopo ushahidi hautoshi.
Namna ya kutumia: soma boksi mpaka uone hizo namba za DSM, kwa sababu famasi utapewa probiotiki (bakteria wazuri) yoyote na kuambiwa ni zile zile, sio zile zile. Tikisa chupa, matone 5 mara moja kwa siku, kwenye kijiko safi au kwenye chuchu kabla hajanyonya. Usiweke kwenye kitu cha moto, utawaua hao bakteria na hela yako imeenda. Mpe muda, majaribio mengi yalikuwa ya siku 21.

4. Mitishamba. Shamari ndo yenye majaribio kidogo, ila ni madogo na dozi zinatofautiana, mimi siwezi kukwambia umkorogee mtoto nyumbani maana chini ya miezi 6 ni ziwa tu, hata maji hapana. Mama akitaka chai ya shamari anywe yeye kikombe kimoja kimoja, usijaze chupa ya chai ushinde nayo. Ile anisi ya umbo la nyota iacheni kabisa, ina ndugu yake wa Kijapani mwenye sumu wanafanana mno na huwa zinachanganyika, watoto wamepata degedege, Marekani walitoa onyo 2003.

MASWALI

Mama Tanga: Shikamoo dada, asante kwa somo. Bibi yake anataka tumpe mvuje uliolowekwa, anasema sisi wote tumekulia huo.
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Mwambie bibi kwa heshima mdomoni usiingie. Kuna kichanga aliripotiwa 1984, alipewa mvuje kwa ajili ya chango damu ikashindwa kubeba oksijeni vizuri.

Mama K wa Mombasa: Na gripe water? Huku kila duka iko.
Jibu: Ilianza Uingereza 1851 na ya zamani ilikuwa na pombe. Za sasa nyingi hazina, lakini hakuna ushahidi mzuri kwamba zinatibu chango. Hiyo hela heri uongeze kwenye matone.

Mgeni: Asali kidogo je, ya kulamba tu?
Jibu: Hapana kabisa mpaka atimize mwaka. Inaweza kubeba vijidudu vya botulismu, mtoto analegea mpaka kupumua kunakuwa shida.

Mama Njiti: Wangu alizaliwa wiki ya 31, naweza kuanza hayo matone?
Jibu: Usianze mwenyewe mpendwa. Kwa njiti bakteria hai wanaweza kuingia kwenye damu, Marekani walionya hilo 2023. Muulize daktari wa kliniki yake kwanza.

Baba Junior: Mke wangu amechoka na mimi nimechoka, matone tumeanza juzi.
Jibu: Pokezaneni kaka, mmoja alale kabisa. Mkizidiwa wote mlazeni chali kitandani kwake, tokeni nje dakika chache mpumue, mtoto asitikiswe hata kidogo. Siku 21 zikipita hamjaona tofauti, acheni matone mumpeleke aangaliwe, wachache huwa ni maziwa ya ng'ombe anayokunywa mama ndo yanawasumbua.