Jinsi ya kufundisha historia ya Wamongolia ukiwa Lindi

Usianze na Genghis Khan. Wanafunzi wangu hapa Lindi wakisikia farasi na nyika za mbali, nusu wanasinzia. Anza na Kilwa Kisiwani, mkoani kwetu, kwenye magofu ya Husuni Kubwa, ambako wanaakiolojia walifukua chupa ya kauri ya China ya enzi za Yuan. Uliza: hao Yuan ni nani? Ni Wamongolia, Kublai Khan na uzao wake, waliotawala China 1271 hadi 1368. Hapo hata wa dawati la nyuma anainua kichwa.

Sasa rudi 1206, Temujin anapotawazwa kuwa Genghis Khan. Chora jeshi lake ubaoni: makumi, mamia, maelfu, elfu kumi. Usiwe na haraka. Eleza kwamba alizichanganya koo makusudi, mtu amtii kamanda, si mjomba wake. Kisha ligawe darasa liwe vituo vya yam, yaani posta yao ya wajumbe wa farasi, barua ipite toka mlangoni hadi dirishani. Mimi humpa mjumbe kipande cha boksi kiwe paiza, kibali chake. Asiyenacho hapewi farasi. Kelele zitakuwepo, vumilia.

Baghdad 1258 usiipambe: Wamongolia walipoiteka walichinja watu, sema hivyo. Vita vya Ain Jalut 1260, waliposhindwa na Wamamluki, watawala wa Misri, dakika mbili zinatosha.

Mwishoni mlete Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco. Alifika Kilwa 1331, na miaka michache baadaye alikuwa kambini kwa Uzbek Khan, mtawala wa Kimongolia aliyesilimu. Kazi ya nyumbani: ramani tupu, waichore safari hiyo.