Multi-efekti ya gitaa: jinsi ya kupima nobu zake kabla hujatoa hela, na kuitiisha kama ushanunua

Siku moja niko stejini katikati ya wimbo na multi-efekti yangu, lile boksi moja la kukanyaga lenye efekti nyingi za saundi ndani, dilei (efekti ya mwangwi) imezidi, kila noti nikipiga inanirudia mara tano, na nilichotaka ni kuipunguza kidogo tu basi. Nikainama, nikabonyeza kitufe cha kurasa, nikazungusha nobu, kumbe niko ukurasa wa EQ, wa kurekebisha besi na treble, sauti ikawa kama redio ya betri iliyoisha. Nikajaribu kurudi, nikakanyaga swichi mbili kwa pamoja bila kukusudia, mashine ikaingia kwenye tyuna, ile ya kulinganisha nyuzi, na ikanizima kabisa. Solo nikaimalizia kimya, vidole vinakimbia na hakuna kinachotoka.

Mashine yenyewe saundi yake ilikuwa nzuri sana, sitaki kudanganya. Ila tangu siku hiyo nikiangalia multi-efekti yoyote siulizi ina ampu ngapi na efekti ngapi ndani, nauliza kitu ninachokigusa kila siku kiko hatua ngapi kutoka mkononi. Ikiwa moja, safi. Mbili, tutaongea. Tatu na kuendelea, hiyo ni mashine ya kurekodia ukiwa umekaa, sio ya kupigia umesimama.

Pedali za kizamani hazikuwa na hii shida. Chukua Tube Screamer, nobu tatu tu, drive (ukali), tone (rangi ya saundi) na level (kiwango cha sauti), kila moja kazi yake, na ukiitupia jicho unajua imekaa wapi. Dijitali imekuja na efekti mia ndani ya boksi moja lakini nobu ni zile zile nne tano, kwa hiyo lazima nobu moja ifanye kazi nyingi na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kampuni ya Line 6 walipotoa mashine yao ya POD mwaka 1998 walifanya kitu cha akili, wakaipa uso wa ampu, drive, bass, mid, treble, mtu yeyote aliyewahi kushika ampu anaanza kupiga hapo hapo. Mwaka uliofuata wakaja na DL4 ya dilei, nayo rahisi, nobu ya kuchagua aina, muda, marudio, mix (kiasi cha efekti kwenye saundi), halafu kuna mbili zinaitwa Tweak na Tweez ambazo kazi yake inabadilika kulingana na aina ya dilei uliyochagua. Hizo mbili bila kuzikariri utabahatisha tu, lakini angalau zile unazozihitaji haraka hazihami.

Sasa ukienda kujaribu mashine, mwambie muuzaji asikuoneshe kitu. Usisome maelekezo. Jipe dakika kumi ufanye haya: tafuta saundi klini (safi, isiyo na ukali) yenye rivabu kidogo, ile efekti ya sauti ya ukumbini, ongeza volyumu kwa ajili ya solo, badilisha muda wa dilei, halafu sevu kwa jina jipya, zima, washa, uone kama bado ipo. Hapo kwenye kusevu ndipo wengi wanakwama maana mashine nyingine ukibonyeza save inakuuliza wapi, unachagua, kisha inataka ubonyeze tena, we unadhani umemaliza unahama preseti (saundi iliyosevuwa) na kazi yote imepotea. Ukishindwa usijione mzito, umepiga gitaa miaka yote hiyo, waliobuni menyu ndio hawakukufikiria.

Kitu cha pili, angalia nobu zenyewe ni za aina gani, na hapa naomba tukae kidogo maana watu hawaliongelei. Kuna nobu za kawaida zenye mwanzo na mwisho, zinazunguka karibu digrii 300 zinagota, na kuna zile zisizo na mwisho, enkoda, unazungusha mpaka uchoke. Zile za kawaida zinapendeza kwa sababu macho yanakwambia ziko wapi, ila kwenye dijitali zina mtego. Tuseme preseti yako ya klini umesevu gain (kiasi cha ukali) ikiwa tatu, lakini nobu yenyewe kwa mkono uliiacha kwenye nane ulipokuwa unatengeneza preseti nyingine. Sasa unataka kuongeza gain kidogo tu, unaigusa, mashine inaona nane, saundi inaruka kutoka tatu hadi nane kwa mpigo na kila mtu anageuka kukuangalia. Baadhi ya mashine zina mpangilio wa kusubiri mpaka nobu ipite pale thamani ilipo ndio ianze kufanya kazi, ambayo ni salama ila unaweza kuzungusha ukadhani imekufa. Uliza kama huo mpangilio upo, na ujaribu hapo hapo.

Enkoda hazina huo mtego ila haziongei, bila skrini hujui uko wapi, ndio maana zenye taa za kuzunguka nobu ni bora mara kumi. Jaribu pia kuzungusha polepole kisha haraka. Kama kutoka sifuri mpaka mia inabidi uzungushe mara sita, achana nayo.

Tatu, miguu. Vaa viatu unavyopigia, sio kandambili, kanyaga swichi moja uone kama unagusa ya jirani. Halafu fanya jaribio hili: hesabu moja mbili tatu nne na ubadilishe saundi kwenye moja kamili. Ukisikia imechelewa, mara nyingi ni kwa sababu ile swichi ina kazi ya pili ya kushikilia, kwa hiyo mashine haiwezi kuamua ulipokanyaga, inasubiri uinue mguu ijue ulitaka kipi. Ukienda kwenye mipangilio ukaiondoa ile kazi ya kushikilia, mara nyingi tatizo linaisha. Sikiliza pia kama kuna kijipengo cha ukimya unapohama preseti na kama mkia wa dilei unakatwa. Kukwepa hilo ndio maana zipo snapshot, mashine ya Helix kwa mfano inakupa nane ndani ya preseti moja, unabadilisha hali za efekti bila kuhama preseti yenyewe.

Skrini za kugusa? Nyumbani raha tupu, unaburuta efekti kwa kidole. Stejini vidole vina jasho, kitu kiko chini sakafuni, umeinama na gitaa limening'inia. Nazikubali zaidi zile zilizotafuta njia nyingine pembeni, kama Quad Cortex ambayo swichi unazokanyaga ndizo hizo hizo unazozungusha kama nobu, au Helix ambayo ukiigusa swichi kwa kidole bila kuikandamiza inakufungulia ile efekti kwenye skrini. Hapo mtu amefikiria. Na programu ya kompyuta ya kuhariria ni nzuri pia, ila mashine ambayo bila laptopu huiwezi mi siichukui.

Haya, labda ushanunua na haikuelewi. Usiiuze kwanza.

Futa kichwani preseti zote za kiwandani, zimejazwa rivabu na dilei ili zikushangaze ukiwa na hedifoni. Tengeneza moja tu yenye saundi nne, klini, kranchi (yenye ukali kidogo), nzito na solo, na swichi zikae sehemu ile ile milele, yaani hata ukija kuwa na preseti ishirini, ya kulia kabisa iwe solo kwenye zote. Mguu unajifunza mahali, haujifunzi majina. Solo ipandishe desibeli 3 mpaka 6 hivi, na ipandishe volyumu sio gain, ukiongeza gain peke yake inabanwa tu na kupotea kwenye bendi.

Kisha chagua vitu vitatu ambavyo huwa unavihangaikia, kwangu ni gain, mix ya dilei na volyumu ya jumla, uvihamishie kwenye nobu za mbele kabisa kwa kila preseti. Muda wa dilei usiuguse kwa nobu, tumia swichi ya tap, unayoikanyaga kwa kufuata mdundo, au piga hesabu, 60,000 gawanya kwa tempo, wimbo wa mapigo 120 kwa dakika unakupa milisekunde 500 kwa pigo, na ile dilei ya kudundadunda ni robo tatu yake, 375. Pedali ya ekspresheni, ile unayoibonyeza mbele na nyuma kwa mguu, iwekee mipaka, ya volyumu isishuke mpaka sifuri labda ishirini, utanishukuru ukiikanyaga kwa bahati mbaya.

Halafu tengeneza saundi kwa sauti kubwa, tafadhali. Watafiti Fletcher na Munson walishaonesha mwaka 1933 kwamba sikio kwa sauti ndogo linasikia besi hafifu, kwa hiyo chumbani usiku unaongeza besi wee, kesho stejini ni tope tupu. Kama huna pa kupiga kwa nguvu basi iache besi chini kidogo ya unavyopenda, na ujue EQ ya jumla iko wapi, ile inayobadilisha preseti zote kwa pamoja. Na kabla ya kusasisha programu ya mashine weka nakala kwenye kompyuta.

Mwisho funika skrini kwa kitambaa, simama, piga wimbo mzima na ubadilishe saundi zote kwa mguu. Pale utakaposhawishika kukifunua kitambaa, andika ulikuwa unatafuta nini, halafu kitu hicho ndio ukihamishie kwenye nobu ya mbele.