Kabla AMCOS haijasaini mfumo wa akili mnemba

Vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima wa tumbaku (AMCOS) Urambo, Kaliua na Sikonge, mkoani Tabora, vina wakulima wengi na wanunuzi wachache. Mnunuzi akileta programu ya simu inayopiga picha jani na kutaja gredi, yaani daraja la ubora, au inayopendekeza nani akopeshwe pembejeo, anajiongezea nguvu. Nyuma yake wapo wakubwa zaidi: mifumo mikuu ya akili mnemba iko mikononi mwa kampuni chache, hasa za Marekani na China, kwa kuwa kuifunza kunadai maelfu ya chipu ghali za kompyuta, umeme mwingi na taarifa nyingi. Chipu hamna. Taarifa mnazo, basi zishikeni.

Anzeni na majaribio. Chukueni mitumba (marobota) 40 ya tumbaku ya wakulima tofauti ambayo mteuzi, yaani mtu anayepanga gredi, ameshaipa gredi. Ipeni namba, gredi zifichwe. Kila mtumba upigwe picha mara mbili: asubuhi mlangoni mwa ghala, kisha mchana ndani, kwa simu nyingine. Kwenye kaunta buku andikeni gredi ya mteuzi, ya picha ya kwanza na ya pili. Mwanga na kamera hubadili rangi ya jani, hivyo mtumba uleule unaweza kutoka na gredi mbili. Hilo lina dawa: pawe na sehemu moja ya kupigia, taa moja, simu moja.

Kinachotuogopesha zaidi ni makosa yanayoelemea upande mmoja. Mitumba 10 ikikosewa, 5 juu na 5 chini, mfumo haujakomaa. Ikikosewa 9 chini, mkulima anapunjwa, hata kama hakuna aliyekusudia. Msipokee jibu kwamba mfumo ndivyo ulivyosema.

Mkataba upitishwe na mkutano mkuu, bodi isisaini peke yake, na uwe wa msimu mmoja. Kipengele hiki kisikosekane:

"Taarifa za wanachama ni za wanachama. Hazitauzwa wala kutumika kufunzia mfumo mwingine bila idhini yao na ya mkutano mkuu. Kila mwisho wa mwezi chama kitapewa nakala kamili, katika faili linalofunguka kwa programu yoyote ya majedwali."

Anayenyimwa mkopo au kushushwa gredi apewe sababu kwa maandishi, na mtu apitie upya ndani ya siku 7. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kudai kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Malalamiko hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Leja ya karatasi iendelee. Karani akiiacha kwa misimu miwili, chama hakiwezi tena kuukataa mfumo, maana kumbukumbu zote ziko kwa mnunuzi. Nakala ya mwezi ifunguliwe siku inapofika, kwenye kompyuta isiyo na intaneti, na uzito wa wakulima watano ulinganishwe na leja. Isipofunguka, andikeni barua siku hiyohiyo, nakala kwa afisa ushirika wa wilaya.