Kukokotoa viwango vya kuzaliwa na vifo vya mji wa Uingereza, miaka ya 1940 na 1950

1. Takwimu ghafi. Pata ripoti ya mwaka ya mganga wa afya wa mji, cheo kilichokuwepo kwenye halmashauri hadi 1974. Wellcome Collection, maktaba na makumbusho ya historia ya tiba jijini London, wameweka nyingi mtandaoni bure. Nakili vizazi hai, vifo na makadirio ya wakazi wa katikati ya mwaka. Gawanya kwa wakazi, zidisha kwa 1,000.

2. Wakazi. Tumia makadirio ya mwaka uleule ya Msajili Mkuu, ofisa wa serikali aliyesimamia usajili wa vizazi na vifo. Sensa ya 1941 haikufanyika, na makadirio ya wakati wa vita yalihesabu raia tu. Vijana walioko jeshini hawamo, wazee wamebaki, basi kiwango cha vifo hupanda hata kama afya ya mji haijabadilika.

3. Nani ni wa mji huu? Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mji wenye hospitali kubwa ya uzazi husajili watoto wa akina mama waliotoka vijijini. Mji jirani usio na hospitali huonekana kama hauzai. Kwa hiyo kila tukio lilirudishwa mahali mama au marehemu alipokuwa akiishi: wa nje wakatolewa, wakazi waliozalia au kufia kwingine wakaongezwa. Chukua idadi iliyokwisha kurekebishwa hivyo, na usome maelezo chini ya kila jedwali kabla ya kuiamini. Ripoti hiyohiyo huweza kuwa na hesabu tatu za vizazi:

- taarifa za kuzaliwa, zilizotakiwa ndani ya saa 36;
- vilivyosajiliwa mjini, ndani ya siku 42;
- vya wakazi, baada ya marekebisho.

Ya tatu peke yake ndiyo inayolingana na wakazi wa hatua ya 2. Ukichanganya ya kwanza mwaka mmoja na ya tatu mwaka unaofuata, utapata "ongezeko la uzazi" ambalo halikuwepo.

4. Umri. Worthing, mji wa pwani wa wastaafu, haulinganishwi moja kwa moja na Stevenage, mji mpya wa wanandoa vijana. Msajili Mkuu alitoa kizidishi cha ulinganifu kwa kila eneo, yaani namba ya kuzidisha kiwango ghafi ili kuondoa athari ya umri wa wakazi. Tuseme vifo 900, wakazi 50,000: kiwango ghafi ni 18.0. Kizidishi kikiwa 0.65, unapata 11.7. Hiyo ndiyo ya kulinganisha na 12.5 ya England na Wales mwaka 1951. Vizazi vina kizidishi chao. Usiazime cha vifo. Mimi huandika viwango vyote viwili, ghafi na kilichorekebishwa, safu kwa safu.

5. Watoto wachanga. Gawanya vifo vya chini ya mwaka mmoja kwa vizazi hai, si kwa wakazi. Waliozaliwa wafu (wakati huo, baada ya wiki 28 za mimba) hugawanywa kwa vizazi vyote, hai na wafu. Katika vizazi 450, vifo 15 ni 33.3 kwa kila 1,000 na vifo 10 ni 22.2, tofauti ya watoto watano tu. Jumlisha miaka mitano kabla ya kusema lolote.